Kabla ya kuuliza bei ya boti, uliza mwezi u wa ngapi

Mara ya kwanza kukabidhiwa kazi ya kuwapeleka watu baharini, nilikuwa na wageni kumi na mmoja: shangazi yangu na wanawe kutoka Morogoro, wakwe zake wawili, na watoto. Nilitafuta boti Forodhani, hapa Unguja, nikapata ya bei nzuri, nikakubaliana na kijana tuondoke saa nane mchana ili jua litupunguzie ukali. Tungekula samaki kwenye fungu la mchanga la Pange, lile ambalo siku hizi kila mtu analiita Nakupenda. Tulifika kabla ya saa tisa. Mchanga uliobaki ulikuwa upana wa mikeka miwili. Wali haujamaliza kugawiwa, maji yako magotini, na shangazi, mwanamke mwenye haiba yake, anakula amesimama, sahani mkono mmoja, gauni lake la dira kalikunja kwa mkono wa pili, ananitazama bila kusema neno.

Kijana hakutudanganya. Alisema atatufikisha kwenye fungu, akatufikisha. Mimi ndiye sikumuuliza fungu litakuwepo mpaka saa ngapi. Tangu siku hiyo kila mwaka ndugu na watu wa kazini huniachia mimi kuchagua safari, na huwa nafuata utaratibu huu.

Anza na maji

Watu wengi huanza na bei, wengine na picha za mtandaoni. Mimi huanza na mwezi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana; kwenye bamvua kubwa tofauti ya juu na chini hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu.

Faida ya kwetu ni kwamba bamvua ina saa zake. Siku za mwezi mosi na mwezi kumi na tano kwa hesabu ya Kiislamu, maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi jioni. Kwa hiyo huhitaji hata jedwali: ijue tarehe ya Kiislamu, kisha ongeza hizo dakika 50 kwa kila siku inayopita. Mwezi kumi na saba, maji yatakuwa yamepwa karibu na adhuhuri. Simu zina majedwali ya maji na ni vyema kuhakikisha nayo, lakini mvuvi yeyote atakujibu hata bila kuiangalia simu.

Sasa linganisha na safari unayoitaka. Anayetaka fungu la mchanga achague mwezi 1 hadi 4, au 15 hadi 18, aondoke asubuhi. Mchanga utakuwa nje kuanzia saa nne hivi, na kufika saa nane awe ameshakunja mkeka. Siku yangu na shangazi ilikuwa mwezi kumi na sita. Tungetoka saa tatu asubuhi tungekuwa na kiwanja kizima.

Upande wa mashariki hesabu inageuka. Jambiani, Paje na Matemwe zina mwamba mbali na ufuo, na baina ya mwamba na ufuo maji hukauka. Siku za bamvua, saa nne asubuhi, boti zimekaa mchangani na akina mama wapo kwenye mwani. Huko chagua mwezi 7 hadi 9, au 21 hadi 23, ambapo asubuhi ya saa nne ndiyo maji yamejaa. La sivyo ukubali kutoka alfajiri, na mwenye watoto anajua hilo lina gharama gani.

Kisha upepo

Kusi huvuma toka kusini-mashariki, na nguvu yake hasa ni Juni hadi Septemba. Kaskazi hutawala Desemba hadi Februari. Katikati, Oktoba na Novemba, ni maleleji, bahari tulivu, ingawa vuli inaweza kukumwagia mvua ya ghafla. Masika, Machi hadi Mei, mimi siwapeleki watu. Wapo watakaokwambia mvua ya masika hunyesha asubuhi tu. Waache waende wao.

Kanuni ni rahisi: jifiche nyuma ya kisiwa. Wakati wa kusi, upande wa magharibi, kuanzia Mji Mkongwe kupanda hadi Kendwa, una kivuli cha upepo, na mashariki kunachafuka. Wakati wa kaskazi, Nungwi na Matemwe ndizo zinazopigwa, na kusini-magharibi, Fumba, kunakuwa shwari. Siku moja kabla, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja upepo mkali na mawimbi makubwa katika ukanda wa pwani, ahirisha, hata kama wali umeshapikwa.

Chagua njia kulingana na watu ulionao

Ukiwa na wazee na watoto wadogo, na siku yenyewe ni moja, nenda kisiwa cha Changuu na lile fungu la Pange. Kutoka Mji Mkongwe ni nusu saa au chini ya hapo. Changuu kuna makobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, na lile jengo ambalo lilijengwa liwe jela likaishia kuwa karantini. Watoto wanapenda makobe, wazee wanapenda kivuli. Hakuna ubaya wowote katika safari fupi. Watu hudhani siku nzima baharini ni lazima iwe mbali ndipo iwe tamu.

Kundi la vijana na watu wa makamo wenye miguu mizima, mimi huwapeleka Fumba, kwenye ghuba ya Menai, iliyo eneo la hifadhi tangu 1997. Jina la kampuni moja, Safari Blue, limegeuka kuwa jina la safari yenyewe, hivyo ukisikia mtu anakuuzia "safari blue" muulize ni boti ya nani. Njia zote zinafanana: fungu, kuogelea kwenye matumbawe, chakula Kisiwa cha Kwale, na mwisho kidimbwi cha maji ya chumvi kilichozungukwa na mikoko. Hapa ndipo bamvua inapokuwa neema. Asubuhi fungu liko nje, alasiri maji yamejaa na kidimbwi kinaogeleka. Siku ya maji mafu unapata nusu ya kila kimoja. Tahadhari yake moja: maji yakipwa, boti husimama mbali, na utatembea kwenye tope na mawe kuifuata. Fika mapema, na mwenye magoti mabovu apewe mkono.

Mnemba ni ya wanaojua kuogelea. Kisiwa chenyewe kimekodishwa kwa hoteli na hupandi. Unachokwenda kuona ni matumbawe na samaki wake, ndani ya maji. Nimeona familia zimelipa ada ya hifadhi, halafu watu sita kati ya wanane wamekaa botini wakila ndizi na kutapika.

Kizimkazi watu huenda kwa ajili ya pomboo. Sitakukataza, ila muulize nahodha atafanya nini akiwaona. Akisema atawafukuzia mpaka muwashike, tafuta mwingine. Pomboo aliyezungukwa na boti kumi huzama akaenda zake, na nyinyi mnabaki kutazamana na watu wa boti nyengine.

Na Pemba? Ukiwa Pemba ni Misali, kutoka Wesha. Wazee husema Nabii Khidr aliomba msala wa kusalia, ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwani kimeelekea kibla. Wavuvi hupiga dago, yaani kambi ya muda, pale hadi leo, na kasa hutaga kwenye fukwe zake. Boti ni chache kuliko Unguja, kwa hiyo tafuta mapema, na usitegemee kukuta duka wala mgahawa. Maji ya kunywa mbebe ya kuwatosha na ya ziada. Kwa ladha yangu hii ndiyo safari nzuri kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo inayohitaji maandalizi zaidi.

Uliza kuhusu tanga

Tangazo litasema jahazi, na picha itaonyesha tanga limevimba. Ukweli ni kwamba nyingi huenda kwa mashine asubuhi na kutweka tanga wakati wa kurudi, upepo ukiwa nyuma. Si udanganyifu, nahodha ana ratiba ya kutimiza. Lakini kama nyie mmekuja kwa ajili ya tanga, sema wazi: "Nahodha, tunataka kwenda kwa upepo angalau njia moja, mashine imezimwa." Jibu lake litakueleza mengi. Nahodha wa kweli atatazama juu, atakwambia upepo wa siku hiyo unatoka wapi na utaanza saa ngapi. Muuzaji atasema hakuna matata.

Ngalawa ni kitu kingine. Ina matengo pande mbili, zile mbao za kuizuia isipinduke, ni nyepesi, inakimbia, na inakurushia maji usoni. Watu wanne au watano wanatosha. Kwa kundi la kumi na mbili ni ngalawa tatu, na hapo mtapanga nani apande na nani, ugomvi ambao nakuachia wewe.

Bei sasa

Papasi wa Forodhani au wa ufuoni si mtu mbaya, wengine ni vijana wetu wa mtaani, lakini papasi si mwenye boti. Anachukua chake katikati, na kukiharibika kitu humuoni. Ukipatana naye, omba uonane na nahodha kabla ya kutoa hata shilingi. Kampuni iwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii, na chombo kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Usione haya kuomba kuziona karatasi.

Bei huja kwa namna mbili: ya kichwa, mkichanganywa na wageni wengine, au ya boti nzima. Chini ya watu sita, lipieni vichwa. Kuanzia wanane, boti nzima mara nyingi huwa nafuu, na mnajichagulia saa ya kuondoka, jambo ambalo kwa sababu nilizozieleza lina thamani kuliko punguzo. Hatari yake ni wanaoghairi. Tuseme boti ni shilingi 600,000 na mko 12: kila mmoja 50,000. Wawili wakiamka na mafua, waliobaki wanalipa 60,000, na mwenye kukusanya pesa ndiye anayenuniwa. Mimi hukusanya kwa hesabu ya watu pungufu tangu mwanzo, kinachobaki kinanunua madafu.

Uliza bei imebeba nini. Gari la kwenda Fumba na kurudi? Ada ya hifadhi? Miwani ya kuzamia na mapezi, na yapo ya saizi ya watoto? Maji ya kunywa ni chupa moja kwa mtu au mnajichotea? Wakazi wana bei yao na wageni wa nje wana yao. Ukiwa na mchanganyiko, sema mapema, usisubiri gatini. Toa arbuni ndogo, kwa simu ili pabaki kumbukumbu, na mwambie akuandikie ujumbe wenye tarehe, saa ya kuondoka, idadi ya watu na vilivyomo. Ujumbe mmoja tu, unatosha.

Nenda ukakione chombo

Hatua hii watu huiruka, nami ndiyo nisiyoiruka hata nikiwa na homa. Nenda ufuoni siku moja kabla, wakati boti zinarudi. Tazama watu wanaoshuka: wanacheka au wanashuka kimya? Hesabu jaketi za kuokolea kwa macho yako, usikubali kuambiwa zipo. Zivae: vifungo vinafunga? Ya mtoto ipo, au ni ya mtu mzima ambayo mtoto atachomoka kwa chini? Angalia ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika. Kila chombo cha mbao huingiza maji kidogo, hilo lisikutishe, lakini baharia anayefua maji bila kupumzika na boti imetia nanga ni jibu tosha.

Uliza idadi ya watu inayoruhusiwa, na uulize kama kuna mashine ya akiba au angalau boti ya pili inayofuatana nanyi. Uliza nahodha anawasiliana vipi na nchi kavu mkiwa mbali. Sisi hatuna haja ya kufundishwa maana ya kuzidisha watu: Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama na watu wetu ikielekea Pemba, na hakuna mtaa Unguja wala Pemba usiouzungumza msiba huo. Kwa hiyo siku ya safari, ukimuona nahodha anaongeza "ndugu zangu wawili tu" juu ya idadi mliyopatana, shuka. Mkishuka wote, ndugu zake watashuka wenyewe.

Na umsalimie nahodha vizuri. "Shikamoo nahodha, nina mama mtu mzima na watoto wanne, bahari ya kesho unaionaje?" Mwenye kuijua kazi huwa hana haraka ya kukuridhisha.

Chakula

Hapa sina mengi. Kwa kawaida ni samaki wa kuchoma, changu au jodari, ngisi, pweza wa nazi, kamba, wali, kachumbari ya tungule, na matunda: embe, nanasi, shokishoki kwa msimu wake. Kama kuna anayedhurika na kamba au pweza, mwambie mpishi siku moja kabla, ili ajue kutenganisha vyungu. Ukimwambia mbele ya jiko la mkaa umechelewa. Ramadhani usipange safari ya kula mchana. Panga ya jioni, mfuturu ufuoni.

Siku yenyewe

Wanawake wenzangu, baibui na dira zikilowa ni mzigo. Zinakumba miguu, na kwenye maji marefu ni hatari hata kwa anayejua kuogelea. Vaeni suruali nyepesi na fulana ya mikono mirefu, au vazi la kuogelea la kusitiri, na kanga mbili kavu kwenye mfuko wa kurudia. Mkipita kijijini mnajifunga. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, bebeni vikapu.

Viatu vya maji kila mtu, vya plastiki vya bei rahisi vinatosha, kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba kama sindano wanaojificha kwenye mawe. Usikanyage matumbawe hata ukiwa umevaa. Kiti cha pwani, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, usimtoe majini kwa ajili ya picha, na makombe mazuri yaacheni palepale.

Anayechafukwa na bahari akae nyuma karibu na nahodha, pasipo mtikisiko mkubwa, atazame mbali penye mstari wa bahari, asitazame simu. Kipande cha tangawizi mdomoni husaidia. Kifungua kinywa kiwe chepesi, chapati moja na chai, si supu ya utumbo. Tanga likipandishwa, kaa pale utakapoambiwa, usikalie kamba yoyote, na foromali, ule mti unaobeba tanga, ikihamishwa inamisha kichwa. Jaketi zivaliwe kabla boti haijang'oa nanga, kuanzia na wewe kiongozi, maana watoto wanakutazama wewe.

Hesabu watu kila mnapopanda tena. Kwa majina, si kwa vichwa: safari moja Kwale tulihesabu kumi na nne na tukaridhika, kumbe mtoto wetu mmoja yuko kwenye boti ya jirani anakula tikiti, na sisi tunaye wa kwao.

Salio la pesa lipe mkisharudi, mbele ya chombo, baada ya kila mtu kushuka na vitu vyake. Bakhshishi ni hiari, lakini msidhani bei mliyolipa imemfika baharia aliyewabebea mzee mgongoni na mpishi aliyekaa motoni tangu saa tatu. Changeni, mpeni nahodha mkononi wakati mabaharia wote wamesimama pale, na mtaje ni kiasi gani kwa sauti.